Fulana ya Ssali

Jumamosi, 6 Mei 2006
Mbio asubuhi, kuzunguka kambi ya Muhaisnah. Chai. Kungoja. Wiki ya tatu sasa. Tuliambiwa Dubai ni kituo tu, tutalala siku mbili twende Iraki kulinda malori. Leo ofisi imebandika tangazo: buti, kofia ya chuma na fulana ya kuzuia risasi, kila mtu ajinunulie. Waliotuandika kazi Nairobi hawakutaja hilo hata kidogo. Nimekasirika mpaka chapati imenishinda.

Jumatatu, 8 Mei
Mkutano ofisini. Sir, mkubwa wetu wa kampuni, ni Mzungu, afisa mstaafu, uso mwekundu. Akasema tusinung'unike, babu yake alijinunulia upanga, bastola na farasi kabla ya kwenda vitani. Na marubani wa kwanza walijinunulia makoti ya ngozi na miwani. Ilikuwa heshima.
Nikauliza, "Sir, babu yako alikuwa na shamba?"
"Kubwa sana," akajibu, akacheka.
Basi. Mimi nilikuwa koplo jeshini miaka tisa na hata soksi nilipewa na serikali.

Jumatano, 10 Mei
Ssali, Mganda tunayelala naye chumba kimoja, amerudi kutoka maduka ya Deira na fulana ya kuzuia risasi. Bei poa, anatabasamu kama bwana harusi. Nikaibonyeza. Laini. Nikafumua mshono: sifongo na kipande cha plastiki. Hakuna bamba la chuma. Hiyo hata kisu haizuii.
Amenuna. Hanisemeshi. Nilifanya vizuri, na bado najiona mbaya.

Alhamisi, 11 Mei
Nimempigia mke wangu, Mama Ndanu, Kitui. Nikamwambia auze ng'ombe mmoja, anitumie pesa za kuongezea ninunue fulana.
"Nguo za vita anunue mwenye vita," akasema. Akakata.
Hasira. Nimezunguka kambi peke yangu, jua la saa nane. Ninachokasirikia ni kwamba amesema kile nilichokuwa naogopa kukisema.

Jumamosi, 13 Mei
Nimejitoa katika safari ya Iraki. Karani akasema khalas, yamekwisha, lakini nilipie kitanda na chakula. Tumebishana hadi koo limekauka. Nimelipa. Pasipoti ninayo mkononi. Mkamba mwenzangu, msimamizi wa walinzi katika hoteli moja Al Garhoud, anasema nafasi ipo.
Nimemsihi Ssali twende pamoja. Ndipo akanisemesha.
"Ssebo, bwana wangu, nauli nilikopa kwa shemeji. Nikirudi mikono mitupu nitamwangalia vipi?"
Hasikii. Kichwa jiwe.

Jumapili, 14 Mei
Tumekwenda Deira wawili na fulana ya sifongo. Mwenye duka hataki kuipokea. Ssali akapiga kelele, watu wakajaa, mwenye duka akataja polisi. Mwisho akakubali kuibadilisha kwa nyingine, nzito, yenye mabamba kifuani na mgongoni, mradi tuongeze. Ssali hakuwa na kitu.
Nilikuwa na pesa zangu, zile nilizotenga kwa fulana yangu. Nikazitoa.
Akakataa. Nikasema si zawadi, ni deni, nitakudai hadi Kampala. Ndipo akakubali.
Tumerudi kwa basi, fulana imelala magotini petu. Kweli ni nzito. Nimeudhika kwamba pesa zimekwenda, nimeudhika na sir, nimeudhika zaidi kwamba Ssali anaenda.

Jumanne, 16 Mei
Wenzangu wameondoka alfajiri kwenda Iraki. Ssali aliivaa fulana ndani ya koti kabisa, eti begi limejaa. Jasho lilikuwa likimtiririka. Akanipa mkono, akapanda basi.
Saa nne nimeanza kazi hotelini. Bei ya suruali na viatu vya kazi itakatwa kwenye mshahara. Nimesaini. Suruali fupi.
Uwanja wa ndege uko karibu; mlangoni hapa ndege zinapita chini sana, vioo vinatetemeka. Mwanzoni niliziangalia zote, nikijiuliza ipi imembeba Ssali. Jioni niliacha, nikawa nafungua mlango tu.