Harusi ya Poni, Bila Gitaa

Juba, Jumamosi usiku, Aprili 1977.

Mvua imenyesha tangu alasiri, na paa la chumba changu hapa Gumbo bado linavuja. Nimerudi mapema kutoka harusini. Sina wa kuzungumza naye.

Mpwa wangu Poni ameolewa leo, huko Kator. Kwetu binti haondoki nyumbani bila baraka ya mjomba, na mjomba wake ni mimi peke yangu. Jana mama yake, dada yangu Keji, alikuja akasimama mlangoni. Hakutaka kuketi.

“Kaka, kesho kuja, lakini gitaa ibaki. Ule wimbo yako ya sokoni, baba ya bwana harusi amesikia. Anajua huyo mkubwa wa tumbo ni yeye.”

“Sikumtaja jina.”

“Soko yote ilimtaja. Na hiyo nywele ndefu, funika na kofia.”

Nilizifunika.

Tulipokuwa uhamishoni Uganda, nilifundisha sarufi katika shule ya misheni. Mkuu wa shule aliponitaka nichague kati ya ubao na nyimbo zangu za kuwacheka wakubwa, nilichagua nyimbo. Tangu hapo sijapiga gitaa hotelini wala katika karamu ya mkubwa yeyote. Napigia barabarani, kwa yeyote apitaye. Sijuti. Ila wapitao hupita. Wachache husubiri wimbo uishe.

Leo wote walisimama. Nilipomnyunyizia Poni maji na kutamka baraka, hata watoto walinyamaza. Juba haijawahi kunisikiliza hivyo.

Mikono yangu ilikuwa mitupu.

Kisha bendi ya kukodiwa ikaanza, nami nikasahaulika. Poni alinifuata uani, akaniita khal, kama wajomba wanavyoitwa hapa.

“Khal, gitaa iko wapi? Mimi nilingoja.”

Nilimwambia uzi umekatika. Sikutaka agombane na mama yake siku ya harusi.

“Wewe khal, kila siku uzi,” akasema, akarudi ndani.

Kesho asubuhi lori litamchukua pamoja na mumewe kwenda Wau, na lazima lipite sokoni. Huko Keji hana mlango wa kunizuia. Nitasimama kando ya njia, kichwa wazi, nipige mpaka lipotee.

Dereva asipopunguza mwendo, Poni atasikia mstari mmoja tu. Sijalala bado, ninautafuta.