Supu ya Fanueli na Chungu cha Mama

Msangeni, Upare
2 Desemba 1955

Mpendwa Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu, na naomba unisaidie kabla Krismasi haijanifikia, maana nimesema ndiyo kwa watu wawili wanaotaka mambo mawili yasiyokaa meza moja, na wote wawili nawapenda, na mdomo huu ulionisababishia haya ningeweza ningeushona.

Mume wangu Fanueli ni mpishi wa Bwana Misitu kule Same, mwaka wa kumi na moja sasa, huku milimani tunamwona akipata ruhusa tu, na ni mume mwema, hajawahi kuniinulia mkono, akija haniachi nipike peke yangu, ila ana jambo moja, anataka Krismasi yetu iwe na chakula cha kutangulia kama mezani kwa bwana wake, yaani supu peke yake kwanza, watu wanywe, bakuli ziondolewe, ndipo chakula chenyewe kije.

Mwaka jana ndiyo mara ya kwanza kupewa Krismasi nzima nyumbani, basi akaunganisha meza mbili, akatandika shuka letu jeupe la harusi, akapika supu ya karoti akaichuja na kuichuja tena mpaka haikubaki kitu cha kutafuna, mama mkwe wangu, Mama Eliwaza, alipanda kutoka kwake bondeni na chungu chake cha makande kama anavyokuja nacho kila Krismasi lakini Fanueli akasema makande hayaendi na supu, chungu kikabaki jikoni, na mimi nilikuwa nahangaika na lile shuka maana mtoto wetu Anaeli alilishika kwa mikono ya masizi. Wageni wametoka kanisani na njaa zao, wakanywa supu, wakasema asante, Fanueli akakusanya bakuli zote kwa adabu kama alivyofundishwa, akaenda nazo jikoni. Sasa wewe unajua, kwetu vyombo vikiondolewa ndiyo watu wameshakula. Baba mdogo wa Fanueli, Mzee Zebedayo, ambaye ni mzee wa kanisa, akaitazama ile meza haina kitu, akasimama, akaomba sala ya kushukuru, ndefu, akaombea na mvua, sote tukaitikia amina, na mimi nikaitikia kwa mazoea, Mungu anisamehe. Fanueli anaingia na sinia la ndizi na nyama ya mbuzi, anakuta watu wanatafuta kofia zao.

"Jamani, kaeni! Chakula ndiyo hiki!"

"Mwanangu, tumekwisha kushukuru," akasema Mzee Zebedayo, na mtu anayeweza kukaa tena baada ya hapo mbele ya mzee wa kanisa hayupo Msangeni, wakaondoka mmoja mmoja wakiliangalia sinia. Mbuzi yule tulimla siku tatu.

Tangu siku hiyo Mama Eliwaza hajatia kitu kinywani nyumbani kwetu. Anakuja, ananisalimia vizuri, anambeba Anaeli, lakini nikileta chakula anasema, "Nimeshiba, mwanangu," na kisimani aliwaambia wenzake kwamba mwanawe amemnywesha maji ya karoti siku ya kuzaliwa Bwana. Fanueli hajui kwa nini mama yake hali kwake, mimi namwambia ni tumbo, na hilo nalo ni uongo.

Sasa mwezi uliopita mama ameniambia, "Krismasi nitakuja kula, ila nikiona supu nageuka mlangoni," nikasema ndiyo mama, supu haipo. Wiki hiyohiyo ikaja barua ya Fanueli kwa basi, bwana wake anakwenda Lushoto, yeye amepewa siku tatu kuanzia mkesha, ametuma na bakuli sita nyeupe, na safari hii supu ni ya nyanya, nikamjibu ndiyo mume wangu, tunaingoja. Nimewaza kuziangusha zile bakuli niseme ni mbuzi kaingia ndani. Mama Mshauri, mwaka huu mama akigeuka pale mlangoni, naona hatarudi kula kwetu mpaka anazikwa, nami nitakuwa nimewapoteza wote wawili kwa mdomo wangu. Nianze na chakula gani?

Ni mimi,
Priska, mke wa Fanueli


MAJIBU

Priska mwanangu,

Kwanza nisamehe, nimecheka mpaka miwani imedondoka. Pale Mzee Zebedayo alipoombea mvua ilibidi niiweke barua chini nipumzike.

Sasa nimemaliza kucheka, na nina ugomvi na wewe. Mume umemwambia ndiyo, mama mkwe umemwambia ndiyo, halafu ukamsingizia bibi wa watu tumbo! Huo si upole, mama, ni woga. Na bakuli usiguse. Ukivunja hata moja nitajua, sijui kwa njia gani, lakini nitajua.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara najikwaa mahali pamoja. Umeandika kwa haraka, katikati ya habari za shuka na masizi, kwamba mama alikuja na chungu cha makande na kikabaki jikoni. Hujakitaja tena. Ulimuuliza alirudije nacho nyumbani? Mwanamke mzima kakoboa mahindi kwa mikono yake, kaloweka na maharage, kakesha na moto, kapanda na chungu kichwani, na mwanawe mwenyewe akamwambia hakiendi na supu. Akashuka nacho kimejaa. Hayo maji ya karoti anayoyasema kisimani ni ya kusemea tu. Mama yako mkwe ana uchungu wa chungu chake, wala hajaikasirikia karoti yoyote.

Fanueli naye usimwone mwenye majivuno. Miaka kumi na moja anasimama nyuma ya viti vya watu, anamwangalia mama wa mtu mwingine akiletewa bakuli la kwanza kwa adabu. Anataka siku moja mama aliyekaa pale awe wake. Ningekuwa na mtoto wa namna hiyo ningekunywa hata maji ya moto matupu. Kosa lake ni kwamba alimwekea mama yake heshima mezani na kumwondolea nyingine jikoni, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu wewe ulikuwa unamwambia habari za tumbo.

Basi sikiliza. Chakula cha kutangulia ni makande ya Mama Eliwaza. Yapikwe mepesi, yawe na mchuzi wake juu, yatiwe kwenye hizo bakuli sita nyeupe, kidogokidogo, kwa kijiko. Atakayeyapeleka mezani ni Fanueli, vilevile anavyompelekea memsabu wake, na bakuli la kwanza ni la mama. Kwa Fanueli ndiyo supu, kwa mama ni makande yake, na mlangoni hageuki mtu.

Mwandikie mume wako leo, usingoje kesho, umweleze yote, na lile la tumbo pia. Mwambie siku ya mkesha, kabla hajavua hata viatu vya safari, ateremke kwa mama yake aseme, "Mama, shikamoo, nimekuja unifundishe makande." Mpishi wa Bwana Misitu! Atatukanwa kidogo, avumilie, achochee moto. Wewe nenda kwa Mzee Zebedayo umwombe kwa heshima kwamba mwaka huu asisimame mpaka aone mifupa. Na vile vyombo vya kwanza visiondoke mezani kabla nyama haijaingia. Huko Same wafanye wanavyotaka, Msangeni bakuli linamngoja mwenzake.

Supu ya nyanya msiitupe. Siku ya pili yake, wageni wakiwa makwao, mpe Anaeli akacheze kwa bibi yake, tandika lile shuka la harusi hata kama masizi hayajatoka, umkalishe Fanueli kwenye kiti. Atataka kuinuka, maana hajazoea. Mkandamize bega. Halafu wewe ndiye umletee.

Mama Mshauri wako