Mota ya Cherehani ya Mama

Kwako Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kazi hazijakulemea. Sisi kupumua tunapumua, ila tumechoka. Bega la Mama bado linamsumbua.

Mota ya cherehani ilipoungua ulisema tuitupe, utatuma nyingine. Nilikusikia. Lakini nilikuwa nimeshaazima kitabu cha umeme shuleni, nikaona nitaisuka upya mwenyewe kwa waya mpya. Nikaifungua mezani, nikaanza kufumua waya wa zamani huku nikihesabu mizunguko, maana waya mpya lazima uzunguke idadi ile ile. Nilipofika mia moja themanini na kitu, Mama akauliza chumvi iko wapi. Nikamjibu. Hesabu ikapotea.

Sikumwambia mtu, nikakisia. Mota ilizunguka dakika mbili, ikatoa moshi. Nilirudi kwa fundi redio aliyenipa waya, kuomba mwingine, naye akasema, "Profesa, hiyo hata wanunuzi wa vyuma chakavu watakurudishia." Nikarudia mara tatu. Siku zote hizo Mama alikuwa akizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, sare arobaini za shule, na jioni hawezi kuinua mkono kujichana nywele. Nilimchana mimi.

Ijumaa iliyopita cherehani ikanguruma vizuri. Mama alicheka hadi akakaa chini. Sasa anawatangazia wateja kwamba binti yake ni fundi, na mezani kwangu zimeshaletwa feni mbili na blenda ya jirani.

Kaka, mota ile si niliyoisuka. Ni yako. Mzigo wako ulifika wiki tatu zilizopita, nikaupokea mimi, nikauficha chini ya kitanda. Ulipopiga simu kuuliza, nikasema bado. Nilipoifunga niliipaka grisi na vumbi ionekane ya zamani. Tangu uondoke, kitu kikiharibika Mama husema, "Angekuwepo kaka yako." Nilitaka asiseme hivyo, walau mara moja. Kumbe nilikuwa namtwisha yeye mzigo huo, begani.

Nitamsomea barua hii kabla ya kuituma. Ukiipata, ujue ameshaisikia yote. Salamu zake sijaziandika. Nimemwachia nafasi hapa chini aziandike mwenyewe, kama atapenda.

Wasalimie unaoishi nao, na ujitahidi kulala.

Mdogo wako,
Profesa