Bultini ya Papa Zakaria

Jumatatu, 21 Juni 1965
Masomo kama kawaida. Vumbi mpaka ndani ya sahani ya bukari. Asubuhi nimekuta bidoni ya maziwa pa nyuma ya klasi. Ya Papa Zakaria, muchungaji wa ngombe wa kule juu, njia ya Kirolirwe. Anaileta mbele jua haijatoka, anaiacha, anarudi kwake. Tangu vita, watu wa huku na watu wake hawasalimiane. Jamaa yake yote ilikimbia. Yeye alibaki na ngombe. Watoto wa pande zote mbili wanakunywa ile maziwa. Bila yeye, wadogo wangesinzia kwenye mabenchi.

Jumanne, 22 Juni
Mupadri alienda Goma, hajarudi. Masomo imebaki kwangu na kwa Celestin, monitere mwenzangu. Proklamasio, siku ya kusomea watoto matokeo mbele ya wazazi, ni posho, Jumamosi ya wiki ijayo. Inspekta hakuna. Zawadi hakuna. Basi nimeamua: kisha kusoma majina ya watoto, tutasoma ya wakubwa. Wenye walisaidia masomo isife. Celestin, alifundisha klasi mbili mara moja. Mama Veneranda, bibi ya katekista, alipikia watoto maharagi mwaka muzima. Wababa wenye walirudisha majani ya paa kisha klasi kuungua moto. Na Papa Zakaria. Kila muntu na bultini yake, karatasi ya matokeo kama ya watoto, wapigiwe makofi.
Celestin ameuliza atakuwa wa ngapi. Muntu muzima! Nimemuambia wote ni wa kwanza. Amenuna mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Ijumaa, 25 Juni
Katekista, Papa Bauma, bwana ya Mama Veneranda, amekuja. Amesimama mulangoni, amekatala kiti.
"Monitrisi, ukiita jina ya ule muntu mbele ya watu, watoto wangu hawatarudi hapa."
Akitoa wake, kilima yote itatoa. Anaweza. Wanamusikia kuliko mimi. Mudogo wake alikufa katika vita. Najua, nililala matanga pale. Lakini Papa Zakaria hakuua muntu.
Amegeuka, ameenda. Njo vile niko, maneno inanifikia muntu akisha kwenda. Sasa hivi niko nayo tele na niko peke yangu. Nimekasirika sana.

Jumapili, 27 Juni
Kisha misa watu wamenipita kama hawanijui. Mama Veneranda amenisalimia na macho tu, bwana yake alikuwa pembeni.
Celestin anasema niruke ile jina, nimupelekee Papa Zakaria bultini kwake, kimya-kimya. Ni akili. Nimeifikiri siku yote.
Hapana. Maziwa inakuja kwa kujificha, na aksanti pia ijifiche?

Alhamisi, 1 Julai
Bultini ziko tayari. Nimekata makaratasi ya kaye yangu ya kuandikia, nimeandika na wino nyekundu.
Nilituma habari kwa Papa Zakaria akuje. Amejibu hapana, watu watakuwa wengi, anaogopa. Simulaumu. Na mimi naogopa. Watoto wakitolewa, masomo imefungwa. Ingine karibu haiko. Mimi nitarudi Ngungu kwa mama, nitashika jembe, haina neno. Wao watasahau hata kuandika jina yao.

Jumamosi, 3 Julai
Nimechoka. Lakini niandike.
Watu walijaa mpaka inje ya ua. Watoto kwanza. Kisha wakubwa. Celestin alivaa tai, alipoitwa alicheka mpaka meno ya nyuma ikaonekana. Mama Veneranda, vigelegele. Wababa wa paa, makofi na matani.
Kisha nikaita: Zakaria, muchungaji.
 Katekista aliangalia chini.
Hapo nikafanya ujinga. Kwetu mutoto akikosa siku ya proklamasio, muntu wa jamaa anasimama, anamuchukulia bultini. Kila mwaka nauliza. Mazoea ikanitoka mu kinywa: "Nani wa jamaa yake atamuchukulia?"
Jamaa gani! Walikimbia wote. Nilitaka udongo unimeze. Nilishika karatasi pale mbele ya watu, sikujua niiweke wapi.
Mama Veneranda akasimama. Bultini yake mwenyewe ingali mu mukono.
"Mimi. Mimi njo dada yake."
Ehh! Watu waligeuka. Katekista alimuangalia bibi yake kama anamuona mara ya kwanza. Yeye akatembea polepole mpaka mbele, akapokea na mikono miwili. Wakubwa hawakupiga makofi. Watoto walipiga. Wao wanapigia kila bultini.
Katekista alitoka mbele wimbo wa mwisho haujaimbwa.

Jumanne, 6 Julai
Nimesindikiza Mama Veneranda kule juu. Papa Zakaria hajui kusoma, nimemusomea: "Alileta maziwa kila siku. Hakuomba kitu." Ameuliza nani alimuchukulia. Nimemuonyesha: "Dada yako."
Ametafuta kiti ya kumupa, amekosa. Ametandika koti yake juu ya jiwe. Walioneana haya wote wawili, wakaongea habari ya majani na ukavu.
Kurudi, Mama ameniambia bwana yake hamusemeshe tangu posho. Anakula, anageukia ukuta. Mimi njo nimemuletea hiyo mateso. Yeye anasema bwana atasema tu, hawezi kunyamaza na mudomo ule. Sijui.

Ijumaa, 9 Julai
Hakuna habari. Nimefagia klasi mbili. Nimehesabu mabenchi bila sababu.

Jumapili, 11 Julai
Kisha misa Papa Bauma amepita kwangu. Ameuliza masomo itafunguliwa lini. Nimesema Septemba. Amesema watoto wake watakuwepo. Kiti amekatala tena.
Alikuwa ameshafika njiani, akageuka. Papa Zakaria aliwapelekea maziwa nyumbani, kumbe, sikujua.
"Monitrisi, umuambie shemeji yangu, maziwa yake ya juzi ilinuka moshi. Anafikiri tuko nyama ya kukausha?"
Akaenda.
Amesema shemeji. Nimesikia vizuri. Nimefunga mulango, nimelia kidogo. Kisha nimeenda kuchota maji.