Vipimajoto Vinne vya Juru

Ombeni, rafiki yangu,

Jana niliitetea kazi yetu ya shahada ya uzamili mbele ya jopo la watahini. Nimepita. Wamenipa masahihisho madogo tu. Nilitoka mbio nikitaka uwe wa kwanza kujua, kisha nikakumbuka. Nikakaa kwenye ngazi za idara ya fizikia nikalia, watu wakinipita. Sasa nimenyamaza, ndiyo maana naweza kukuandikia.

Mara ya mwisho ulikuja chumbani kwangu Kakoba, hapa Mbarara, siku ya Ijumaa, umetoka kambi ya wakimbizi ya Juru na vumbi lako. Tuligawana chapati na maharagwe. Ukanicheka, kama kawaida yako, kwa Kiswahili changu cha kambi ya jeshi. "Afande, mwezi ukiisha nitakuletea namba zote." Ukalalamika kichwa kinauma, ukasema ni jua. Ni jua! Mwanafizikia mzima, Ombeni, hukwenda hata kupima damu. Jumanne jirani yenu akanipigia simu kwamba malaria imekuchukua. Nilikukasirikia kwa muda mrefu. Leo nakusamehe.

Wiki tano baada ya mazishi, idara ilinituma kufuata vile vipimajoto vinne ulivyokuwa ukipimia joto la nyumba, kwa kuwa ni mali ya maabara. Sikutaka kwenda. Nilipanda gari hadi Kabingo, kisha boda boda hadi kwenu. Nikavikuta pale pale ulipovitundika: viwili katika nyumba ya mama yako yenye paa la turubai, viwili kwa jirani, chini ya ile dari ya mikeka na udongo uliyoitandika mwenyewe. Nikaanza kufungua kamba. Mama yako akanishika mkono.

"Ngoja kwanza, binti. Ya saa sita sijaandika bado."

Akaingia ndani, akatoka na daftari lako. Baada ya ukurasa wako wa mwisho mwandiko ulibadilika: tarakimu kubwa zilizolala upande, za mtu aliyejifunza namba sokoni kwa kupima maharagwe. Asubuhi, saa sita, jioni. Kila siku. Hata siku tuliyokuzika ipo, Ombeni. Asubuhi, saa sita, jioni.

Kumbe ulimfundisha akushikie zamu siku ulizokuja Mbarara, na hukuniambia. Nilipomwuliza kwa nini hakuacha, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akasema kwa Kiswahili cha kwenu: "Mutoto wangu alisema bantu banaungua ndani ya manyumba, na yeye atabaonyesha bakubwa. Alinionyesha fasi ya kuangalia. Hakuniambia niache."

Nikazifunga kamba upya. Nilirudi mikono mitupu.

Msimamizi wetu wa utafiti alisikiliza hadi mwisho. Akasema kwa upole kwamba shahada ya uzamili haitolewi kwa marehemu. Nikamwuliza kama naweza kuiendeleza kazi yako mimi. Akanikumbusha kwamba nilikuwa na mwaka mzima katika utafiti wangu wa mwanga, na kwamba nitaanza upya kabisa. Nikamwambia najua.

Kwa baba yangu ilikuwa ngumu zaidi. Unamjua, sajini hastaafu. "Mtu mekufa, wewe narudi nyuma? Hapana!" Nikamwuliza: jeshini mwenzako akianguka njiani, mzigo wake mnauacha hapo hapo? Asubuhi nilikuta koti lake la mvua limekunjwa juu ya begi langu.

Nilikaa Juru msimu wote wa kiangazi na mvua za kwanza. Nililala kwa mama yako, nikapalilia naye, nikasoma vipimajoto naye. Kwa wiki mbili tulisoma kila mmoja peke yake, bila kuonyeshana, kisha nikalinganisha. Namba zilipishana siku mbili tu. Siku hizo zote mbili mimi ndiye niliyechelewa kuamka.

Basi jana, mjumbe mmoja wa jopo, mzee mwenye miwani, akafungua ukurasa na kuuliza, "Hizi namba za katikati zimesomwa na nani?"

"Na mama yake Ombeni, mkulima wa Juru."

"Ana elimu gani?"

Nikawaonyesha ukurasa wa kulinganisha. Nikawaambia, "Kama kuna msomaji wa kutiliwa shaka humu, ni mimi." Wakacheka. Mzee hakucheka. Alichukua kalamu, akaniomba nirudie jina lako na la mama yako, herufi kwa herufi, ayaandike sawasawa.

Ulikuwa sahihi. Chini ya ile dari, saa sita ya mchana mtoto anaweza kulala. Chini ya turubai tupu hawezi. Sasa imeandikwa na imepigwa muhuri, hakuna atakayesema ni malalamiko ya wakimbizi.

Jumamosi nakwenda kwa mama yako. Nitamsomea yote kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, na akinisahihisha nitakubali. Kisha nitaanza safari ya kwenda kwa hao wakubwa uliowasema. Nakuahidi, Ombeni: nitapeleka namba hizi ofisi hadi ofisi. Wakinifungia mlango leo, kesho watanikuta nimekaa kizingitini.

Pumzika kwa amani, ndugu yangu. Mimi bado nina kazi.

Peninah