Udongo Uliomposa Nyanya Nekoye

Wangare, aki siamini! Nimetoka kwa nyanya Nekoye sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kicheko.

Mwaka wa 1957 Nekoye alikuwa akiuza mandazi soko la Bondeni. Babu Nyongesa, wakati huo kijana wa maabara ya kiwanda cha vigae, alimpenda sana, lakini akimwona tu ulimi unakufa ganzi. Siku moja akamkuta analia: mafuta yake yameungua yakawa meusi, na wateja wamekimbia. Nyongesa akaropoka, "Nitayasafisha kwa udongo!"

Kwa UDONGO, Wangare!

Kwanza akauchemsha udongo na magadi. Ukavimba, ukawa uji usiotulia chini, na alipoutia kwenye mafuta yakatoa povu kama sabuni. Nekoye akamfukuza na mwiko.

Hakukata tamaa. Akachemsha udongo mwingine ndani ya asidi. Asidi ikala chembe za chuma zilizomo udongoni, ikauachia vitundu visivyoonekana kwa macho. Akauosha mpaka ukali ukaisha, akaukausha. Alipoukoroga kwenye mafuta ya moto na kuyachuja, vile vitundu vilikuwa vimenasa weusi wote. Mafuta yakang'aa kama asali!

"Umetia sumu," Nekoye akasema.

Yalipopoa, Nyongesa akanywa kikombe kizima. KIZIMA! Mbele ya soko lote!

Nyanya akamtazama, midomo ya kijana inameremeta mafuta, akapiga kelele: "Mjinga wewe, ukifa mimi nitaolewa na nani?"

Soko likalipuka kwa vigelegele. Hapo ndipo yeye mwenyewe akasikia alichosema.