Hayo Mashavu Yako

Makwasinyi

Mwandawiro, mume wangu mdogo,

Ni mimi nyanya yako. Dada yako Shanice anaandika ninavyosema. Mbuzi amezaa mapacha na kunde zimekubali.

Ile picha uliyotuma imezunguka kanisa zima. Mama Tryphena alipiga kigelegele: "Nairobi imemkubali! Tazameni mashavu!" Mimi niliangalia macho yako, yamevimba. Babu yako Festus alivimba macho hivyo hivyo, tukamsifu amenawiri, tukamzika na mashavu yake.

Mwezi uliopita mkojo wangu ulitoa povu kama la sabuni, nikaenda kliniki Voi. Nesi akasema figo ni chujio. Kuna homoni ambayo figo zenyewe huiamsha, nayo hubana mishipa. Ikizidi, presha hupanda ndani ya chujio, matundu yakachoka, na protini ya damu ikavuja kwenye mkojo. Ndipo mwili huvimba. Nimepewa dawa ya kuizuia hiyo homoni, na povu limepungua.

Nikamuuliza, "Hii hurithiwa?" Akajibu, "Wajukuu wapimwe."

Sasa usinionee haya, mimi nimekuogesha. Ukipata barua hii nenda hospitali, ukojoe kwenye kikopo chao, wapime mkojo na presha. Usingoje maumivu. Babu yako hakuumwa popote.

Halafu nipigie, hata kama ni habari mbaya. Afadhali uje Krismasi umekonda kama fito, nikutukane mbele ya watu.

Nyanya yako anayekuogopea,
Wakesho